Vigogo wa chama katika kura za mchujo Marekani: nguvu yao iko wapi hasa?

Kila Marekani inapoingia msimu wa kura za mchujo, ambapo wapiga kura wa kila chama huchagua nani awe mgombea wao, wachambuzi hawaishi kutuambia kwamba fulani ndiye "mgombea wa vigogo". Anayesikiliza anaweza kudhani kuna chumba fulani Washington, wazee wameketi, kahawa iko mezani, majina yanakatwa moja baada ya jingine. Chumba hicho hakipo, na ndiyo maana dhana yenyewe inateleza: vigogo wapo, nguvu wanayo, lakini kikao cha kukata majina hawana.

Ni akina nani basi? Magavana, maseneta, wabunge wa siku nyingi, marais wastaafu, viongozi wa chama majimboni, matajiri wanaochangia kampeni, pamoja na wale mafundi wa kampeni wanaohama kutoka kwa mgombea huyu kwenda kwa yule. Wengine wana cheo chamani, wengine hawana chochote zaidi ya simu inayopokelewa haraka. Mgombea huja na kupita, wao hubaki. Kwa hiyo wanachokiogopa ni uchaguzi mkuu wa Novemba: mgombea wa urais akiwa mzigo, huzama na wabunge wa chama chake waliomo kwenye karatasi ile ile ya kura.

Zamani chumba kilikuwapo kweli. Mwaka 1968 Hubert Humphrey, makamu wa rais, alipewa tiketi ya Democratic mjini Chicago bila kugombea kura ya mchujo hata moja, huku nje polisi wakiwapiga virungu vijana waliopinga vita vya Vietnam. Akashindwa na Richard Nixon. Chama kikaunda tume, kanuni zikageuzwa, na tangu hapo wajumbe wa mkutano mkuu, ambao ndio wanaomteua mgombea, walio wengi hupatikana kwa kura za wananchi. Aliyenufaika kwanza ni Seneta George McGovern, ambaye ndiye aliyekuwa ameiongoza tume hiyo. Alipata tiketi ya 1972, kisha akashindwa katika majimbo 49 kati ya 50.

Kipigo hicho vigogo hawakukisahau. Mwaka 1982 wakajitengenezea viti vya wajumbe maalumu, yaani viongozi wanaoingia mkutano mkuu kwa vyeo vyao na kumpigia wamtakaye. Kufikia 2016 walikuwa zaidi ya 700, na kwa kuwa wengi walijitangaza mapema upande wa Hillary Clinton, wafuasi wa mpinzani wake, Bernie Sanders, waliona mechi imeuzwa kabla ya filimbi. Mwaka 2018 chama kikawazuia kupiga kura katika duru ya kwanza kama mshindi hajajulikana. Kelele zilikuwa nyingi kuliko uzito wa jambo lenyewe, maana wajumbe hawa hawajawahi kumpokonya tiketi mtu aliyekuwa mbele kwa wajumbe wa kura. Mwaka 2008 wengi walianza na Clinton, Barack Obama alipomtangulia wakamhamia. Anayewatazama wajumbe maalumu anatazama pasipo na nguvu.

Nguvu yenyewe ni uwezo wa kuwafanya wagombea wengine wajitoe, na wajitoe kwa wakati mmoja. Jimbo la South Carolina limetuonyesha hilo mara mbili katika miaka minne, mara moja kwa kushindwa na mara moja kwa kufaulu.

Tarehe 20 Februari 2016 ilikuwa zamu ya Republican. Donald Trump hakuwa na vigogo wengi jimboni, lakini vigogo waliompinga hawakuwa kitu kimoja. Gavana Nikki Haley na Seneta Tim Scott walikuwa kwa mgombea Marco Rubio. Seneta mwenzake Scott, Lindsey Graham, alikuwa kwa mgombea mwingine, Jeb Bush. Mgombea Ted Cruz alikuwa na wafuasi wake, John Kasich naye alikuwamo kwenye kinyang'anyiro. Trump akapata kama asilimia 32 tu ya kura, Rubio na Cruz wakafungana karibu asilimia 22 kila mmoja. Sasa angalia kanuni ilivyofanya kazi: chama cha Republican kinaruhusu jimbo kumpa aliyeongoza wajumbe wengi au wote, na Trump, ambaye theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka, alibeba wajumbe wote 50. Bush akajitoa usiku ule ule. Mfuko uliomuunga mkono ulikuwa umechangisha zaidi ya dola milioni 100. Yeye aliondoka na wajumbe 4.

Baada ya hapo kila aliyebaki alimngoja mwenzake atoke. Tarehe 3 Machi Mitt Romney, aliyekuwa mgombea wa chama mwaka 2012, alisimama Utah na kumshambulia Trump bila kumung'unya maneno. Lakini alipofika kwenye swali la nani apigiwe, hakutaja jina moja: Florida wampe Rubio, Ohio wampe Kasich. Trump akachukua Florida na wajumbe wake wote 99. Kuwaambia watu wamkatae fulani ni rahisi. Kuwaambia yupi wamchukue badala yake ndiyo kazi, na kazi hiyo haikufanyika.

Rudi jimbo lile lile, Februari 2020, safari hii Democratic. Joe Biden alikuwa hoi: wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, wa pili kwa mbali Nevada. Sanders ndiye aliyekuwa akiongoza kwa kura. South Carolina wapiga kura wengi wa Democratic ni Wamarekani weusi, na mtu wanayemsikiliza ni mbunge Jim Clyburn. Clyburn mwenyewe amesimulia kwamba siku chache kabla ya kura alikuwa kanisani kwenye mazishi ya mhasibu wake, mama mmoja mtu mzima akamwita kwa kidole na kumuuliza atampigia nani. Akainama akamnong'oneza. Yule mama akamwambia alikuwa akingoja kusikia hilo, na watu wa pale nao wanangoja. Tarehe 26 Februari Clyburn akamtangaza Biden hadharani. Tarehe 29 Biden akashinda kwa zaidi ya asilimia 48, Sanders karibu 20.

Hadi hapo ni ushindi wa jimbo moja. Lililofuata ndilo la kuliangalia. Jumapili tarehe 1 Machi mgombea mwenzake Pete Buttigieg akajitoa. Jumatatu Amy Klobuchar naye akajitoa, na jioni ile wote wawili, pamoja na Beto O'Rourke aliyekuwa amejitoa mapema, wakamuunga mkono Biden mjini Dallas. Jumanne Kuu, majimbo 14 yakipiga kura siku moja, Biden akachukua 10, yakiwamo Minnesota anakotoka Klobuchar, na Massachusetts, nyumbani kwa Elizabeth Warren ambaye bado alikuwa kwenye kinyang'anyiro. Biden hakuwa na fedha nyingi za kujitangaza katika majimbo hayo. Mgombea tajiri Michael Bloomberg alizimwaga dola kwa mamia ya milioni, akaambulia ushindi wa visiwa vya American Samoa tu.

Hivyo ukitaka kupima nafasi ya mgombea, usihesabu tu vigogo waliomtangaza. Uliza kama vigogo wamekubaliana, na kama wapinzani wake wana sababu ya kuondoka. Mwenye ndoto ya kuwa makamu wa rais au waziri huondoka haraka. Asiye na cha kupoteza hukaa. Uliza pia kanuni ya chama chake. Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, kwa mwenye kufikisha asilimia 15, kwa hiyo mgombea wa theluthi moja hawezi kuteleza na tiketi kirahisi kama ilivyo upande wa pili.

Kalenda nayo, yaani jimbo lipi lipige kura mwanzo, ni silaha ya vigogo, ingawa si kali sana. Kwa uchaguzi wa 2024 uongozi wa Democratic uliiweka South Carolina mbele, heshima waliyoizoea Iowa na New Hampshire. New Hampshire ikagoma, ikapiga kura Januari kama kawaida yake. Jina la Biden halikuwamo kwenye karatasi, wapiga kura wakaliandika kwa mkono, akashinda.

Upande wa Republican neno kigogo limepata mwenyewe mpya, naye ni Trump. Mwaka 2024 Haley alikuwa ndiye wa nje, akashinda Washington, D.C. na Vermont tu, na Machi mwaka huo mkwe wa Trump, Lara Trump, akawa mwenyekiti mwenza wa kamati ya taifa ya chama.

Kwa Democratic, Biden alijitoa tarehe 21 Julai 2024, kura za mchujo zikiwa zimekwisha. Akamtaja makamu wake, Kamala Harris, awe mgombea badala yake. Magavana waliotajwa kuwa wangeweza kushindana naye, Josh Shapiro, Gavin Newsom na Gretchen Whitmer, walimuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Kufikia usiku wa tarehe 22, kwa hesabu ya wanahabari, Harris alikuwa tayari na ahadi za wajumbe wa kutosha kupata tiketi.