Vunja mayai viza kabla hujagusa joto la inkubeta

Simu ninazopigiwa na wafugaji wa huku Busia na Tororo baada ya mayai kufikisha siku ya 21 kwenye inkubeta, yaani mashine ya kutotolesha vifaranga, hufanana sana. "Daktari, niliweka mayai 90, vimetoka vifaranga 30. Nipandishe joto?" Jibu langu ni lile lile: usiguse joto kwanza, na yale 60 yaliyobaki usiyatupe. Ngoja siku ya 22 ipite, yatoe nje ya nyumba, vaa glavu, uyavunje moja moja kuanzia upande butu. Utaona kiinitete, yaani kifaranga kinachoumbika ndani ya yai, kilifika wapi kabla ya kufa. Ukishajua kilikufa lini, unajua pa kutafuta kosa. Mtu anayepandisha joto bila kuvunja mayai anatibu ugonjwa asioujua, na mara nyingi anaua hata vile vifaranga ambavyo vingetoka.

Anza na mayai yasiyo na kitu, kiini na ute tu. Mengi ya hayo hayakupata mbegu ya jogoo, na hakuna inkubeta itakayoyasaidia. Wapo wanaonunua trei dukani, mayai ya kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo hata mmoja, kisha wanamlaumu fundi aliyewaundia mashine. Kama kuku ni wako, weka jogoo mmoja kwa tetea 8 hadi 10. Kabla ya kujaza mashine, vunja mayai machache mabichi ya kundi lile lile kwenye sahani. Kidoa cheupe kilicho juu ya kiini kikiwa kidogo na kimejaa, yai halina mbegu. Kikiwa kipana chenye duara lililo wazi ndani, lina mbegu. Fanya kipimo hiki na mabichi, kwa sababu baada ya wiki tatu kwenye joto kidoa huwa kimeharibika.

Hapo hesabu nayo inabadilika. Katika mayai 90, kama 18 hayakuwa na mbegu, basi ulitotolesha mayai 72 na ukapata vifaranga 30, yaani asilimia 42. Bado ni mbaya. Inkubeta ya nyumbani inayotunzwa vizuri inaweza kufikia asilimia 80 ya mayai yenye mbegu. Lakini sasa unajua lipi ni kosa la banda na lipi ni la mashine.

Mayai mengine yanayoonekana matupu yalikuwa na mbegu, ila yalikufa yakisubiri. Yai linatakiwa likae mahali penye nyuzi 15 hadi 18, na lisizidi siku 7. Chumba cha bati bila dari huku kwetu hakifiki huko hata kidogo. Yai likipita nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kukua polepole, usiku kinasimama, kesho kinaanza tena, mwishowe kinakufa. Kwa hiyo usikusanye wiki nzima. Weka mashineni kila baada ya siku nne au tano, na kikapu kikae sakafuni karibu na mtungi wa maji, ncha nyembamba ya kila yai ikiangalia chini. Mayai yaliyosafiri kwa boda kwenye barabara ya murram yapumzishe siku nzima kabla ya kuyaingiza, maana mtikisiko hulegeza chumba cha hewa, ile nafasi tupu iliyo upande butu wa yai.

Ukivunja yai ukakuta pete ya damu, yaani mduara mwekundu juu ya kiini, inamaanisha kifo cha siku ya 2 hadi ya 4. Pete zikiwa nyingi, na mayai hayakuwa ya zamani, sasa ndipo tuzungumze joto. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5. Sanduku la plaiwudi lenye balbu bila feni linataka kama 38.5, zikipimwa usawa wa juu ya mayai, kwa sababu hewa ya moto hupanda na ya chini hubaki baridi. Nimeona vipimajoto vilivyoning'inizwa karibu na balbu kabisa. Mwenye mashine anasoma 38 huku mayai yakiwa chini ya 36. Nunua kipimajoto cha homa duka la dawa, kitumbukize pamoja na kile cha inkubeta kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, ulinganishe. Tofauti ya nyuzi moja inatosha kuharibu kundi zima.

Vifo vya katikati, kama siku ya 8 hadi ya 14, kwa kawaida huwa vichache. Vikizidi, nenda kwenye chakula cha tetea. Kuku anayeishi kwa pumba za mahindi peke yake hutaga yai lenye upungufu wa vitamini, hasa B2. Mukene (dagaa) na majani mabichi husaidia. Mahindi yenye ukungu usiwape.

Fungu linaloniumiza ni la vifaranga kamili waliofia ndani, manyoya tayari. Hapa kosa kubwa ni maji. Yai la kuku hupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, ili chumba cha hewa kikue na kifaranga kipate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Hata bila kipimo cha unyevu unaweza kulifuatilia hili kwa mizani ya jikoni. Mayai 30 yaliyoingia na gramu 1,650 yanapaswa kuwa kati ya 1,435 na 1,470 siku ya 18. Yakibaki juu ya hapo, punguza maji. Yakishuka chini yake, ongeza. Wengi hujaza sahani za maji hata Aprili, mvua inanyesha na hewa yenyewe imejaa unyevu, halafu kifaranga anazama ndani ya yai. Ukimvunja ni mzito, amejaa majimaji. Aliyekauka, ngozi ya yai imemganda mwilini, alikosa unyevu. Siku 18 za kwanza lenga unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Siku tatu za mwisho acha kugeuza mayai na upandishe hadi 65 au 70. Kisha usifungue! Kifaranga aliyetoboa anaweza kuchukua hata siku nzima kutoka, na kila ukifunua kumsaidia mmoja unawakausha wenzake.

Walio milimani, Kabale au Kapchorwa, fungueni matundu ya hewa zaidi. Oksijeni huko ni haba, na yai hupoteza maji upesi.

Umeme ukikatika, kupoa kwa saa moja au mbili si msiba; kupata joto kupita kiasi ndiko kunakoua haraka. Wiki ya kwanza ifunike mashine blanketi na uweke ndani chupa za maji ya moto. Usiwashe sigiri kwenye chumba hicho, moshi na hewa ya makaa hupenya ganda. Wiki ya mwisho fanya kinyume: vifaranga hutoa joto lao wenyewe, na feni imesimama, kwa hiyo usiifunike, na matundu yaache wazi.