Nafaka kumi kwenye uji mmoja: tafadhalini, tuache

Kila ninapotaja uzito wa mtoto naulizwa swali lile lile: nimchanganyie nafaka ngapi? Sokoni Kibuye, Kisumu, na kwenye vinu vya posho, mama anapima wimbi, mtama, mahindi, terere, soya, njugu, maharagwe, muhogo mkavu, mbegu za malenge, na juu yake omena, wale dagaa wa ziwani. Inaaminika kwamba vikiwa vingi ndivyo mtoto anavyokua. Sivyo, na inaniuma kuona mama anatumia pesa nyingi hivyo huku mtoto akibaki pale pale.

Tuanze jikoni. Uji wa wimbi huiva kwa dakika 15 hadi 20. Maharagwe yanataka moto mrefu zaidi. Ukivisaga pamoja utaepua uji wimbi likiiva, na maharagwe mabichi yatamvuruga mtoto tumbo. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa huzuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo kile ulichoongeza kwa ajili ya protini ndicho kinachoikwamisha. Omena ina mafuta. Ikikaa mkebeni imesagwa, mafuta hayo huharibika. Njugu zilizopata unyevu huota kuvu, na sumu yake ya aflatoksini haiondoki kwa kuchemsha. Njugu mbovu ukiishika mkononi huenda ukaiona. Ndani ya unga wa vitu kumi hutaiona. Na mtoto akitoka vipele, utajuaje ni kipi kilichomdhuru?

Halafu kuna faiteti, kemikali ya asili iliyojaa kwenye nafaka, soya na maharagwe. Hushika madini ya chuma na zinki, yakapita mwilini bila kutumika. Nyanya zetu walikuwa na njia ya kuipunguza: kuchachusha uji, au kuotesha wimbi, kulianika na kulisaga liwe kimea. Kijiko kidogo cha kimea kwenye uji mzito uliopoa kidogo huulegeza bila kuongeza maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena.

Lakini jambo linalonikera kuliko yote ni wepesi wa uji. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 8 anashiba kwa kikombe kimoja cha mililita 240 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha unga ni kama gramu 10, kalori 35 tu. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anahitaji takriban kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Ukimpikia uji wa kijiko kimoja kwa kikombe, uji ule unaopita kwenye chuchu ya chupa, atahitaji zaidi ya vikombe vinane. Hawezi. Atalala ameshiba maji.

Pika hivi. Vijiko vitatu vya unga wa wimbi, au wimbi na mahindi, uvikoroge kwa maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina kwenye maji yanayochemka, punguza moto, endelea kukoroga. Karibu na kuepua tia nusu kikombe cha maziwa, yachemke nao, kisha kijiko cha chai cha mafuta. Jumla ya maji na maziwa isizidi kikombe kimoja. Inamisha kijiko: uji ukitiririka, ni mwepesi. Hapo una zaidi ya kalori 200.

Vile vingine mpe kando, kwenye sahani yake. Yai. Ndengu zilizopondwa. Parachichi. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Omena ichambuliwe mchanga, ioshwe kwa maji ya moto, ikaangwe, isagwe kidogo kidogo, itiwe kwenye mboga. Chakula kipya kimoja, subiri siku tatu, kisha kingine.

Na anayeshika kijiko ana kazi kubwa kuliko unga. Kumlaza mtoto chali na kumziba pua ili ameze ni hatari: uji unaweza kuingia mapafuni. Mketishe, mtazame usoni, msemeshe, ngoja ameze. Akigeuza kichwa, pumzika, jaribu tena baada ya muda kidogo. Akikataa tena, ameshiba. Simu iwe mbali. Mtoto anayelazimishwa hujifunza kuogopa kijiko, na hapo mama anarudi kinuni kuongeza nafaka ya kumi na moja.

Kuna mahali sisi wataalamu wa lishe tunajikanganya. Tunamwambia mama asichanganye, kisha kliniki inampa mtoto aliyedhoofu unga wa mahindi na soya. Tofauti ni kwamba ule umepitishwa kwenye joto kali kiwandani na kuongezwa vitamini na madini. Mama haelezwi hivyo, na ana haki ya kutuuliza. Wapo wenzangu wanaosisitiza nafaka moja tu. Mimi sioni ubaya wa mbili, na sina hakika kama ukali wao una msingi.

Mtoto apimwe kila mwezi. Mstari wa uzito kwenye kijitabu cha mama na mtoto ukilala miezi miwili mfululizo, usibadilishe unga. Mpeleke achunguzwe malaria, minyoo, kuhara kusikoisha na kifua kikuu.