Wembe wenye ukanda wa kuteleza: nani aununue, nani auache

Kwenye kliniki ya ngozi hapa Moshi naulizwa sana kuhusu zile nyembe za katriji, yaani zenye kichwa cha kubadilisha, zilizo na ukanda wa kijani au wa buluu juu ya makali. Zinauzwa supamaketi kwa bei inayouma, na muuzaji huapa kwamba ndiyo dawa ya vipele vya ndevu. Mimi humwangalia kwanza anayeuliza: ndevu zake zikoje, shingo yake ikoje. Kuna watu nawaambia wajaribu, tena leo. Wengine nawasihi wasipoteze hela yao.

Ukanda huo si sabuni wala mafuta. Gillette waliuingiza sokoni mwaka 1985 kwenye wembe wao wa Atra Plus. Kwa kawaida ni plastiki ngumu, polistirini, iliyochanganywa na polietilini oksaidi, kitu kinachoyeyuka kwenye maji. Ukilowa, polietilini oksaidi huvimba, hutoka kidogo kidogo na kuteleza kama mlenda. Aloe vera na vitamini E vinavyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti ni nyongeza tu. Kinachotelezesha wembe ni ile polietilini oksaidi.

Maana yake ni kwamba ukanda mkavu haufanyi kazi. Mtu anayejipangusa maji kwa ncha za vidole asubuhi ya Julai, baridi imebana, halafu akaburuta wembe kwa haraka awahi daladala, amelipia kitu ambacho hajakitumia. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, unywele unywe maji na kulainika, kisha paka povu.

Na povu ni lazima, kwa sababu ya mahali ukanda ulipo. Kwenye nyembe nyingi umewekwa nyuma ya makali. Ngozi inakutana na chuma kwanza, ukanda unapita baadaye. Kwa hiyo msaada wake mkubwa unaonekana unaporudia palepale: chini ya taya, kwenye koo, pembeni mwa mdomo. Huko ndiko ngozi huchubuka, na huko nimeona tofauti ya kweli kwa watu wenye ngozi kavu, kwa wazee ambao ngozi ya shingo imelegea, na kwa wanawake wanaonyoa miguu, maana eneo ni kubwa na povu hukauka kabla hawajamaliza.

Sasa vipele. Hapa ndipo sikubaliani na muuzaji hata kidogo.

Katriji haina ukanda peke yake. Ina makali kadhaa yaliyopangwa. Kwa Gillette haohao, wembe wa Trac II wa mwaka 1971 ulikuwa na makali mawili, Mach3 ya 1998 ikawa na matatu, Fusion ya 2006 ikafika matano. Wazo ni kwamba kali la kwanza linaunasa unywele na kuuvuta juu kidogo, na linalofuata linaukata kabla haujarudi. Ukirudi, unazama chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni raha tupu, uso unakuwa laini mpaka jioni. Lakini nywele zetu wengi zimejikunja tangu kwenye shina. Unywele uliokatwa ukiwa chini ya ngozi una ncha kali, unakua kwa kupinda, na badala ya kutoka nje unatoboa ukuta wa tundu lake mwenyewe. Mwingine hutoka, ukajikunja, ukachoma ngozi pembeni na kuingia tena. Mwili unauona kama mwiba: panavimba, pengine panatunga usaha, na panabaki doa jeusi kwa miezi.

Ukanda haubadilishi mkunjo wa unywele. Utapunguza moto wa kunyoa, ndiyo, lakini kipele kitakuja vilevile, kwa sababu kinatokana na jinsi unywele ulivyokatwa. Tena naona utelezi huwafanya watu wakandamize na kurudia mara nyingi, wakidhani hawajiumizi. Mwenye vipele namshauri aachane na katriji na atumie mashine ya umeme, aache nywele fupi kama milimita moja hivi. Akilazimika kunyoa kwa wembe, basi uwe wa kali moja, afuate nywele zinakolala, asivute ngozi kwa vidole, na asirudie.

Kwa wale ambao katriji inawafaa, msipime uzima wa wembe kwa ukanda. Utafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2020 ulionyesha kwamba unywele, ingawa ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takribani mara 50, huumega ukingo wake vipande vidogo sana. Ukanda unaweza kuwa bado upo na makali yameshaharibika. Ukihisi wembe unavuta, badilisha kichwa. Ukimaliza kunyoa suuza, kung'uta maji, uweke mahali penye hewa. Usiufute kwa taulo, na usiuache kwenye dimbwi la maji kando ya sinki, ukanda utavimba na kuisha bure.

Jambo linalonisumbua zaidi ni bei. Kwa sababu vichwa ni ghali, ndugu wa nyumba moja hutumia kimoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, na damu ya mkwaruzo usioonekana inatosha kuviambukiza. Kama hela haitoshi kila mtu kuwa na katriji yake, nunueni nyembe za kawaida, kila mmoja na wake.

Na wewe mwenye vipele vya kisogoni ambavyo vimeanza kuwa vigumu na kuota kama makovu, usijaribu wembe wowote, wala usimruhusu kinyozi avisugue kwa spiriti. Njoo kliniki mapema. Hapa Moshi tuna hospitali ya KCMC, yenye kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na makovu hayo yakiwa bado madogo yanatibika kwa urahisi zaidi.