Kuandika «rit.» hakutoshi: dhana potofu kuhusu mwendo katika MuseScore

Walimu wa kwaya wanaoniletea nota walizoandika kwa MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandika muziki, nizikague huja na lalamiko lile lile: wameandika rit. (yaani punguza mwendo taratibu) mwishoni mwa kiitikio, wakabonyeza kitufe cha kucheza, na kompyuta ikapita hapo bila kupunguza mwendo hata kidogo. Kwa hiyo, wanasema, programu ina kasoro.

Haina. Maandishi yaliyoingizwa kwa Ctrl+T ni ya kusomwa na waimbaji tu, na kompyuta huyaruka hata yakiwa Kiitaliano fasaha. Katika toleo la 3, aliyetaka mwendo upungue taratibu kwa kawaida alipanga alama za mwendo pigo baada ya pigo, kisha akazificha. Tangu toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, sehemu ya Tempo kwenye paleti (orodha ya alama za kuchagua) ina rit., rall. (nayo ya kupunguza) na accel. (ya kuongeza) ambazo ni mistari yenye mwanzo na mwisho: unachagua noti zinazohusika, kisha unabofya alama unayoitaka. Mstari wa rit. huja na asilimia 75, yaani wimbo unaokwenda kwa mapigo 80 kwa dakika hufika 60. Anayelalamika kwamba mwendo «unakatika ghafla» mara nyingi ameufunika mstari juu ya mapigo mawili tu. Aurefushe kwanza kabla ya kugusa asilimia. Mimi humshauri kila mtu auimbe mwisho huo mwenyewe, apime mwendo wa pigo la mwisho kwa metronomu, ndipo akokotoe asilimia yake. Na kama faili ni la zamani, alama zilizofichwa zifutwe kwanza, maana mwendo hauwezi kuongozwa na mabwana wawili.

Wengine hudhani kwamba rit. ikiisha mwendo hurudi wenyewe. Haurudi mpaka uweke a tempo (rudi kwenye mwendo wa awali) kutoka kwenye paleti, au alama mpya ya mwendo.

Wapo pia wanaoogopa kuficha alama ya mwendo wakidhani itaacha kufanya kazi. Bonyeza V bila wasiwasi. Itatoweka kwenye karatasi lakini itaendelea kusikika.

Mwisho ni wale wanaotoa faili la MIDI (lenye maagizo ya kucheza noti, si sauti yenyewe), wakalifungua katika programu nyingine, wakakuta mabadiliko mengi madogo ya mwendo mahali pa mstari mmoja, wakaamini limeharibika. Faili la MIDI halijui mteremko. Kila badiliko hutaja tu urefu wa noti ya robo kwa mikrosekunde, 500,000 kwa mwendo wa 120, na kupungua taratibu huandikwa kama ngazi nyingi fupi. Msizifute.