Ukichomoa kwenye 80, betri haifi

"Nikikatisha kabla haijajaa, si betri itakufa?" Nimeulizwa tena wiki hii, na aliyeuliza hakutaka jibu. Alikuwa ameing'ang'ania chaja ya haraka ya magari ya umeme ninayoihudumia kwenye maegesho ya hoteli moja hapa Mbeya. Gari lake linasoma asilimia 93, kwenye kioo cha chaja kilowati zimeshuka mpaka 9. Nyuma yake mama mmoja na watoto, betri iko asilimia 11, na bado ana Tunduma ya kwenda.

Haifi, bosi. Hofu hiyo ni ya betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu ikatishe kwenye 35 au 62, haijali. Kinachoizeesha ni joto na kukaa imejaa pomoni muda mrefu. Kwa hiyo anayejaza mia kila mara kisha akaliacha gari juani, ndiye anayeitesa.

Mbona kuanzia 80 inasuasua? Wengi wanasema "umeme mdogo". Umeme mdogo tunaujua, lakini hapa unasingiziwa. Gari ndilo linaloiambia chaja ilete ampea ngapi. Seli zikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni volti 4.2, kompyuta ya betri inabana mkondo zisije zikazidishiwa. Chaja ni ileile ya kilowati 60, gari lako linavuta 9. Muda uliotumia kutoka 20 hadi 80, unaweza kuula karibu wote tena kwa ile 20 ya mwisho, wakati yule mama angevuta mara tano yako.

Halafu kuna kundi la pili, na hawa ndio wananichosha zaidi: wamesikia "chomoa kwenye 80" wakaifanya sheria ya kila soketi. Juzi kijana kamfokea mzee wa watu aliyechomeka kwenye chaja ya kawaida, ya kilowati 7. Mdogo wangu, kilowati 7 kwa betri ya gari ni kidogo mno; itazivuta hizohizo karibu mpaka mwisho. Saa moja ya mzee kwenye 80 inaingiza uniti karibu sawa na saa yake ya kwanza. Ukimtoa umeokoa nini? Pale kosa ni kujaa na kubaki. Aliyejaa saa nane usiku simwamshi. Aliyejaa saa nne asubuhi na bado anazunguka sokoni Mwanjelwa, huyo simwelewi.

Hata kwenye ya haraka wapo wenye haki ya kupita 80. Nissan Leaf kuukuu iliyotoka Japani, betri imechoka, 80 haimfikishi mtu Tunduma. Ajaze, ila asiende mbali na gari. Kinachonipa shida ni magari ya betri za LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati. Volti yake haibadiliki sana katikati, kipimo cha asilimia kinapotea njia, na watengenezaji wenyewe wanashauri ijazwe mia mara kwa mara. Mtu akinifungulia kitabu cha gari lake nimbishie nini? Namwambia akajaze usiku kwenye kilowati 7. Akisema kwake hana pa kuchajia na asubuhi anasafiri, naishiwa maneno.

Kuchomoa gari la mwenzio: usichomoe bila ruhusa. Plagi nyingi gari lenyewe linazifunga, ukilazimisha unavunja kifungio, na spea yake kuipata huku ni shughuli. Acha namba ya simu kwenye dashibodi na uandike "nipigie ikifika 75". Ukimaliza, waya utundike. Usiuache chini magari yaukanyage.

Nimependekeza gari likishajaa, dakika za kuendelea kuziba nafasi zilipiwe. Mwenye hoteli hataki hata kusikia: aliyelisahau gari ndiye anayeagiza supu ya pili.