Kwa nini zipu haifunguki hata ukiivuta kwa nguvu zote?

Chukua begi lililofungwa kwa zipu. Shika upande mmoja kwa mkono wa kulia, upande wa pili kwa mkono wa kushoto, kisha vuta kama unataka kulichana. Kitambaa kitakaza, mshono utalia, pengine uzi utakatika, lakini meno hayataachana. Sasa mwite mtoto wa miaka mitatu ashike kile kibati kinachoning'inia na kukivuta taratibu. Begi linafunguka palepale. Inakuwaje kitu kishinde nguvu za mtu mzima, halafu kikubali kidole cha mtoto?

Siri iko kwenye umbo la jino. Tafuta suruali ya jinzi yenye zipu ya chuma, fungua nusu, uisogeze penye mwanga. Kila jino lina miguu miwili iliyobana ukingo wa utepe wa kitambaa, na ncha yake imetokeza nje. Ukiitazama ncha hiyo vizuri utaona upande wake wa juu una kinundu kidogo, na upande wa chini una kishimo. Meno yote yako hivyo, ya kulia na ya kushoto, kinundu juu na kishimo chini. Tofauti ni moja tu: meno ya upande mmoja yamepangwa nusu hatua juu ya yale ya upande wa pili, ili jino la kulia liangukie katikati ya meno mawili ya kushoto.

Zipu ikifungwa, kinundu cha jino la kulia huingia kwenye kishimo cha jino la kushoto lililo juu yake, na kinundu cha hilo la kushoto huingia kwenye kishimo cha jino la kulia linalofuata, hivyo hivyo hadi juu kabisa. Hapo kila jino limebanwa na majirani wawili. Ili litoke kwa kuvutwa kando, lingelazimika kwanza kuinuka kidogo kinundu chake kitoke kishimoni. Lakini halina pa kuinukia, kwa sababu mwanya kati ya majirani wake ni mwembamba kuliko unene wa jino pamoja na kinundu chake. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo vinundu vinavyozidi kujikaza kwenye kuta za vishimo. Ndiyo maana mshono huchoka kabla ya meno.

Kama mwanya ni mwembamba kiasi hicho, basi jino liliingiaje?

Hapa ndipo kichwa cha zipu, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta kibati, kinapofanya kazi yake, nami naona hii ndiyo sehemu ya akili kuliko zote. Ndani ya kichwa kuna njia yenye umbo la herufi Y: juu kuna midomo miwili, chini mdomo mmoja. Tepe mbili zinapoingia kupitia midomo ya juu hulazimika kujipinda. Na utepe ukijipinda, ncha za meno hutawanyika. Chukua kitabu ukikunje kwa nyuma, uone kingo za kurasa zinavyoachana ilhali zimeshikwa pamoja kwenye mgongo. Meno ya zipu hufanya hivyohivyo. Kwa kitambo kidogo, pale penye pinda tu, mwanya unapanuka kiasi cha kutosha jino la ng'ambo kuingia likiwa na kinundu chake. Kichwa kikishapita, utepe unanyooka, mwanya unarudi kuwa mwembamba, na jino limefungiwa ndani.

Kufungua ni safari hiyohiyo kinyumenyume. Katikati ya ile midomo miwili ya juu kuna kabari ndogo ya chuma. Ukikivuta kichwa kuelekea chini, kabari inagonga meno yaliyoungana na kuyasukuma kulia na kushoto, tepe zinapinda, na meno yanaachiana. Yanaachiana jozi moja baada ya nyingine. Mtoto hashindani na meno mia kwa pamoja. Anashindana na mawili, kisha mawili mengine, na kabari inamsaidia. Wewe uliyekuwa unavuta kando ulikuwa unapambana na safu nzima kwa mara moja.

Ukishaielewa zipu hivi, utaona kwa nini ilichelewa kuja. Wazo halikuwa gumu. Mwaka 1851 Elias Howe wa Marekani, yule aliyepata hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya cherehani mwaka 1846 na baadaye kushtakiana na Isaac Singer mahakamani, alipewa hataza ya kifungio cha nguo kinachojifunga chenyewe kwa mfululizo. Hakukifanyia biashara. Cherehani ilikuwa imemshika.

Zaidi ya miaka 40 baadaye alikuja Whitcomb Judson wa Chicago. Wakati huo viatu virefu vilifungwa kwa vishikizo vingi, kimoja kimoja, na kazi hiyo ilichosha. Mwaka 1893 Judson alipata hataza ya kifungio cha viatu chenye kulabu na matundu, na kichwa cha kuvifunga vyote kwa kuvuta mara moja. Mwaka huohuo kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, naye akakipeleka huko. Watu wachache sana walikijali. Wakili mmoja, Lewis Walker, alikiamini, akatafuta fedha za kuanzisha kampuni, na akaendelea kukiamini kwa miaka mingi ya hasara.

Hasara hiyo ilikuwa na sababu, hata kifungio kilipohamishwa kutoka kwenye viatu kwenda kwenye nguo. Kulabu hushika vizuri nguo ikiwa imenyooka, lakini mtu akiinama au kukaa, kitambaa kinajikunja, kulabu inateleza kutoka kwenye tundu lake, na sketi inafunguka mbele ya watu. Mara nyingine kichwa kiligoma kabisa na mtu akabaki amefungiwa ndani ya nguo yake. Juu ya hayo chuma kilishika kutu, hivyo kifungio kililazimika kufumuliwa kabla ya kufua na kushonwa tena baadaye. Nani angenunua adha hiyo?

Aliyelitatua tatizo ni Gideon Sundback, mhandisi wa umeme aliyezaliwa Sweden mwaka 1880. Alijiunga na kampuni ya Walker mwaka 1906, iliyokuwa Hoboken, New Jersey, akamwoa Elvira, binti wa msimamizi wa kiwanda. Mwaka 1911 Elvira alifariki. Sundback aliutumbukiza muda wake wote kwenye kifungio kile, usiku na mchana.

Jaribio lake la kwanza la kuachana na kulabu halikufaulu. Upande mmoja ulikuwa na taya ndogo za chuma, na upande wa pili ulikuwa na ukingo mnene wa kitambaa wa kuumwa na taya hizo. Lilifunga vizuri, lakini baada ya kutumika mara chache taya zilikuwa zimeitafuna nguo. Akarudi mezani. Mwishoni mwa mwaka 1913 akaja na kile unachokiona leo kwenye jinzi yako: pande zote mbili meno, meno yote sawasawa, kila moja na kinundu na kishimo, na idadi yake imeongezwa kutoka 4 kwa inchi moja hadi kama 10. Hakuna kulabu ya kuteleza. Nguo ikijikunja, jirani wawili wa kila jino bado wamelishika. Hataza yake ilitoka mwaka 1917.

Watu wengi husimulia habari hii na kuishia kwenye hataza, nami nadhani wanaiacha nusu. Kuchora jino moja zuri ni jambo moja. Kutengeneza meno elfu kumi yanayofanana kabisa ni jambo jingine. Jino moja likiwa nene kidogo kuliko wenzake, kichwa kinakwama hapo. Likiwa jembamba kidogo, zipu inafumuka hapo. Hakuna fundi wa mkono anayeweza kufuatilia tofauti ndogo kiasi hicho kwa maelfu ya vipande na bado bei iwe ya kununulika. Kwa hiyo Sundback alibuni pia mashine. Ilipokea waya wenye umbo la Y, ikakata kipande chembamba, ikakipiga kupata kinundu na kishimo kwa pigo moja, kisha ikakibana kwenye ukingo wa utepe. Ile miguu miwili ya jino uliyoiona ni matawi mawili ya Y hiyo. Chuma hakikupotea, na meno yote yalitoka kwenye chapa moja. Kwangu mimi mashine hiyo ndiyo uvumbuzi wenyewe. Bila yake zipu ingebaki kitu cha kuonyesha wageni.

Wanunuzi wa mwanzo hawakuwa washonaji wa nguo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mabaharia wa Marekani walinunua mikanda ya kuhifadhia fedha yenye zipu, kwa kuwa sare zao hazikuwa na mifuko ya maana. Vikaja vifuko vya tumbaku. Mwaka 1923 kampuni ya mpira ya B.F. Goodrich iliiweka kwenye buti za mvua, na jina ililozipa buti hizo, Zipper, likahamia kwenye kifungio chenyewe. Suruali za wanaume zilikubali kuchelewa, mwishoni mwa miaka ya 1930.

Na zile herufi YKK unazoziona kwenye kichwa cha zipu? Ni ufupisho wa jina la Kijapani la kampuni iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mjini Tokyo mwaka 1934. Kiwanda kiliungua kwa mabomu mwaka 1945, akaanza upya. Sifa ya kampuni hiyo inatokana na jambo lilelile la Sundback: iliamua kujitengenezea mashine zake, chuma chake na tepe zake, ili jino lolote lisitoke tofauti na jingine.

Zipu nyingi za mabegi na magauni siku hizi hazina meno ya chuma kabisa. Ni uzi mmoja mnene wa nailoni uliosokotwa mviringo mviringo kila upande, na kila mzunguko unafanya kazi ya jino. Uzuri wake ni kwamba ikifumuka katikati haijafa. Rudisha kichwa hadi mwanzo, kipandishe tena, mizunguko itajipanga. Zipu ya chuma iliyong'oka jino haina bahati hiyo.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo mafundi cherehani wanalijua na wateja wengi hawalijui. Umenunua jaketi la mtumba, zipu inapanda hadi shingoni, lakini nyuma ya kichwa inaachama. Usiilaumu safu ya meno. Kichwa kina sahani mbili za chuma, ya juu na ya chini, na kwa kuvutwa miaka mingi sahani hizo hupanuka. Zikipanuka hazibani tena meno kiasi cha kuyaingiza kwenye vishimo. Fundi atachukua koleo, abane kingo za kichwa pole pole karibu na ule mdomo mmoja, upande wa kulia kisha wa kushoto, huku akijaribu kila mara. Akibana kwa pupa kichwa kitapasuka, maana mara nyingi ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki na haipendi kukunjwa. Zipu ya chuma iliyo ngumu kuvuta hulainishwa kwa kusugua mshumaa, sabuni kavu au ncha ya penseli.

Suruali inayojifungua yenyewe ina shida nyingine. Chini ya kile kibati cha kushikia kuna kijino kinachopenya kichwani na kuingia katikati ya meno. Ukikilaza kibati kikaelekea chini, kijino kinashuka na kichwa hakiendi popote, ukikiinua, kinaachia. Wengi huacha kibati kimesimama juu, halafu wanaona zipu ni mbovu.

Kichwa kikishakufa kabisa, hakuna haja ya kufumua zipu nzima. Kipindue usome namba nyuma yake, mara nyingi 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo hukaribiana na upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita: 3 ni ya magauni na sketi, 5 ya majaketi na mabegi, 8 na 10 ya mabegi makubwa ya safari. Nenda dukani na namba hiyo, na useme kama meno ni ya chuma, ya plastiki au ya nailoni, kwa sababu njia ya ndani ya kichwa imechongwa kufuata umbo la meno yake. Kichwa namba 5 cha zipu ya chuma hakitafunga zipu namba 5 ya nailoni.