Je, wajua kwa nini mwandishi wa tamthilia huimiliki kazi yake, na wa filamu haimiliki?

Mwaka 1984 jumba la American Repertory Theater, huko Cambridge nchini Marekani, liliigiza Endgame, tamthilia ya mwandishi Samuel Beckett. Mwongozaji aliuhamishia mchezo kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi. Beckett, aliyekuwa akiishi Paris, akaja juu: yeye aliandika chumba kitupu chenye madirisha mawili madogo, hakuandika treni. Mawakili wakaingia kati. Mchezo haukusimamishwa, ila watazamaji walikabidhiwa programu yenye maneno ya Beckett mwenyewe akiukana.

Wageukie sasa Murray Burnett na Joan Alison. Waliandika tamthilia iitwayo Everybody Comes to Rick's, ikakosa mtu wa kuipandisha jukwaani. Studio ya Warner Bros. ikainunua kwa dola 20,000, waandishi wengine wakaigeuza skripti, na mwaka 1942 ikatoka filamu ya Casablanca. Miaka mingi baadaye wawili hao walikwenda mahakamani New York kudai haki ya wahusika waliowabuni. Mwaka 1986 walishindwa, kwa kuwa mkataba waliousaini ulikuwa umeuza kila kitu.

Tofauti yenyewe ni hii: jukwaa hupanga, filamu hununua. Kundi la maigizo likitaka tamthilia, huwa kama mpangaji: hulipa mrabaha kutokana na tiketi, hukaa kwa muda wake, na halibomoi ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba. Kwenye maonyesho ya Broadway, yaani majumba makubwa ya tamthilia ya New York, mwandishi huwa na kauli hata juu ya nani aongoze na nani aigize. Studio ya Marekani hutaka nyumba, kiwanja na hati. Kisheria skripti iliyoagizwa na studio ni kazi ya ajira, na studio ndiyo huhesabiwa kuwa mwandishi. Ndiyo maana inaweza kumwondoa aliyeandika na kumleta wa pili, hata wa tano, bila kumuuliza mtu.

Si roho mbaya tu, ingawa nayo ipo. Tamthilia huishi kwa kurudiwa. Ikiharibiwa mwaka huu, kundi jingine litaitendea haki mwakani, na maandishi yatakuwa palepale. Filamu hutengenezwa mara moja kwa fedha nyingi, kisha huuzwa kwa miaka na miaka. Anayetoa fedha hizo hataki asikie baadaye kuwa kuna mtu mwenye uwezo wa kuizuia.

Nguvu ya mwandishi wa jukwaani nayo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1777 Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, aliwakusanya wenzake kupambana na waigizaji wa Comédie-Française, jumba la tamthilia la Paris, waliokuwa wakiwapunja kwenye hesabu za mapato. Mwaka 1791 sheria ya Ufaransa ikakubali kuwa tamthilia ya mwandishi aliye hai haiigizwi bila idhini yake. Waandishi wa Broadway nao walipata mkataba wao wa pamoja mwaka 1926.

Hapa ndipo penye kichekesho. Kwa kuwa mwandishi wa tamthilia wa Marekani anamiliki kazi yake, sheria humwona kama mfanyabiashara huru, na wafanyabiashara wakikaa pamoja kupanga bei huonekana wanaua ushindani. Hana chama cha wafanyakazi chenye meno. Mwandishi wa filamu, kwa kuwa ni mwajiriwa, anacho. Chama chake kimempatia bima ya afya, pensheni, na malipo kila filamu inaporudiwa kwenye televisheni. Hicho ndicho huamua jina la nani liandikwe kwenye filamu, na mwaka 2023 kiligoma kwa siku 148. Mwenye mali hawezi kugoma. Asiye na mali anaweza. Mimi ningeona tabu kuchagua.

Mpaka huo kati ya jukwaa na filamu hauko hivyo kila nchi. Kampuni iliyomiliki haki ilipopaka rangi filamu ya The Asphalt Jungle, iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe mwaka 1950, na kituo kimoja cha televisheni cha Ufaransa kikataka kuirusha, warithi wa mwongozaji John Huston na mwandishi mwenza Ben Maddow walikwenda mahakamani huko. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa iliwapa haki, kwa sababu kule heshima ya mtunzi kwa kazi yake haiuziki, hata akiwa Mmarekani.

Pamoja na yote hayo, watu wa jukwaani hawajaacha kuiendea filamu tangu ilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, studio zilipohitaji ghafla watu wanaojua kuandika majibizano. George Bernard Shaw alikuwa na Nobel ya fasihi ya 1925 alipopata Oscar kwa skripti ya Pygmalion ya 1938, iliyotokana na tamthilia yake mwenyewe. Wajanja wa leo huuza haki ya filamu peke yake na kubaki na ya jukwaani. Les Liaisons Dangereuses ya Christopher Hampton, iliyotokana na riwaya ya kale ya Kifaransa, ilipanda jukwaani mwaka 1985; filamu yake ya 1988 ilimpa Oscar, na tamthilia ingali inaigizwa.